Kuramochi Tetsuji: Miaka Thelathini na Minane ya Kunyoosha Kidole

Tarehe 31 Machi, Mzee Kuramochi Tetsuji wa chumba cha kompyuta anastaafu, baada ya kuutumikia mji wetu wa Kuzumori kwa miaka thelathini na minane. Jarida letu la wafanyakazi limeniomba mimi, mtu wa idara ya maji, niandike wasifu wake, kwa sababu meza yangu imepakana na mlango wake na hakuna neno lililosemwa mle ndani ambalo sikulisikia. Mwenyewe alitoa sharti moja tu. "Ukiandika sifa tupu, sisomi," aliniambia. "Na lile la flashi uliweke." Basi nimeliweka.

Alianzia kazi reli. Kwa miaka miwili alikuwa mpiga ishara kwenye njia ndogo ya treni iliyokuwa ikipanda hadi Hikage, na njia ilipofungwa mji ukamchukua. Huko reli alifundishwa kwamba mtu hafanyi jambo kabla hajalinyooshea kidole, akalitaja kwa sauti, na mwenzake akaitikia. Treni ziliondoka, kidole kikabaki. Alikinyooshea kila kitu: swichi, waya, kikombe cha chai. Wageni walidhani anagombana na mtu. "Umeme, upo! Waya, umeingia! Sawa?" Na msaidizi wake kutoka upande wa pili: "Sawa!" Sisi wa maji tulijikuta tunaitikia kimoyomoyo bila kutaka.

Kazi iliyomjulisha kwa mji mzima ni ya kufufua kompyuta kuukuu. Mfumo endeshi wa zamani ulipoachwa na watengenezaji wake, shule na kumbi za wazee zilibaki na mashine nzima kabisa lakini zisizoruhusiwa kuunganishwa na mtandao. Bajeti ya mpya haikuwepo. Mzee akasema upo mfumo wa bure, faili moja kubwa linalopakuliwa kutoka kwenye seva ya chuo kikuu. Unalihakiki kama limefika zima, unaliandika kwenye flashi kwa programu maalumu, unaichomeka flashi kwenye mashine iliyokufa, unaiwasha, na mashine inaamka. Maelezo hayo aliyarudia hadi wapishi wa shule wakayajua. Aliongeza kila mara kwamba kuliandika faili hilo si kama kunakili picha za harusi: vilivyokuwemo kwenye flashi uvihesabu vimekwenda. Hapo ndipo watu walipokuwa wakiangalia saa.

Mtandao wa ofisi enzi zile ulikuwa wa kukokota. Faili lilianza kupakuliwa asubuhi, na Mzee alikula matonge yake ya wali mbele ya kioo, akililinda. Siku moja, likiwa limebakiza kidogo sana, mama wa usafi alichomoa waya ili achomeke mashine ya kufyonzea vumbi. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, sakafu imependeza," akasema, akaanza upya.

Sasa lile la flashi.

Mji ulipotimiza miaka hamsini, kila mfanyakazi alipewa flashi nyeupe yenye picha ya figili mwenye miguu, nembo yetu. Zote zilifanana. Majira hayohayo shule ya msingi ya Hikage ilifungwa, ikiwa imebaki na wanafunzi saba. Bi Shirahata Nobue, wakati huo karani wa mapokezi, aliirekodi sherehe ya kufunga, maana binti yake Chinatsu alikuwa mmoja wa wale saba. Chinatsu alikuwa mtoto wa kunong'ona. Walimu walikuwa wakiinama ili wamsikie. Siku hiyo mwalimu mkuu aliita majina kwa mara ya mwisho, na zamu yake ilipofika, mtoto akaitika kwa sauti iliyowafanya wazee wa mstari wa nyuma waruke. Watu walicheka, kisha wakalia. Mimi nilikuwepo, na nilifanya yote mawili.

Bi Shirahata aliihamishia rekodi kwenye flashi yake, kadi ya kamera ikatumika tena kwenye harusi ya binamu, na mchana mmoja wakati wa chakula akamletea Mzee hiyo flashi azitolee nakala familia zote saba. Msaidizi wa Mzee alikuwa nyumbani na mafua. Mzee alikuwa ameshachomeka flashi yake mwenyewe, nyeupe vilevile, aandike mfumo wa mashine ya wazee, na kwa kuwa Bi Shirahata alikuwa na haraka, akaichomeka na ya mama huyo palepale kando. Kwa kawaida hakuruhusu mbili kwa mpigo. Halafu akakumbuka kwamba hana wa kumwitikia.

"Mama, nisaidie kidogo. Nikisema 'sawa', nawe useme 'sawa'."

"Haya, Mzee."

"Flashi nyeupe, ya kuandikia! Sawa?"

"Sawa!" akaitikia Bi Shirahata, kwa heshima zote anazostahili mkubwa, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Pale kwenye kioo, kidole kilikuwa kwenye mstari wa flashi ya Bi Shirahata. Utaratibu ulifuatwa, sauti zilikuwa nzuri, na hakuna hata mmoja aliyetazama. Baada ya muda nilimsikia mama akiuliza kama nakala zake ziko tayari. "Mzee, mbona hunijibu?" akauliza tena, na hapo hata sisi wa maji tukaacha kalamu.

Kesho yake Mzee aliomba kuacha kazi. Bosi wake alikuwa bado anaisoma barua yake wakati Bi Shirahata alipoingia bila kubisha hodi. "Unaacha kazi uende wapi?" alifoka. "Umenipotezea, utanitafutia!" Katika miaka yote ni mara pekee niliyosikia mtu akimfokea Mzee, na kusema kweli alistahili.

Akatafuta. Faili la mfumo lilikuwa limefunika sehemu ya mwanzo tu ya flashi. Ya nyuma ilikuwepo bado, vipandevipande. Ilipofika vuli alikuwa ameukusanya wimbo wa shule, watoto saba wakiimba, na kila familia ikapata nakala. Vilivyokuwa mwanzoni havikurudi: mwito wa majina, na hotuba ya meya. Hotuba hadi leo hakuna aliyeiulizia, na meya anaombwa asichukie. Mwito wa majina uliuliziwa na kila nyumba.

Tangu siku hiyo sheria ya chumba ilibadilika. Anayeitikia lazima kwanza aishike flashi mkononi, aseme kwa maneno yake mwenyewe kilichomo ndani, na ana ruhusa kamili ya kukataa. Waajiriwa wapya walifanyishwa mazoezi. "Sema hapana. Kwa nguvu! Mimi si baba mkwe wako." Bi Shirahata aliomba uhamisho kwenda chumba cha kompyuta, na watu wakasema anakwenda kumchunga Mzee, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wawili hao wamefufua mashine za shule zote na kumbi zote za mji. "Hapana" ya mama huyo ilipenya ukuta mara nyingi kuliko simu.

Lakini kila programu mpya ya kurudisha mafaili ilipotoka, Mzee aliipakua, akaitoa ile flashi kwenye droo na kujaribu. "Labda safari hii," alikuwa akisema. Bi Shirahata alimwekea chai pembeni. Hali hiyo iliendelea kwa miaka, na mimi niliyekuwa ng'ambo ya ukuta iliniuma kuisikia.

Mwezi uliopita Mzee alitangaza kwamba flashi anakwenda nayo nyumbani, ataendelea akiwa mstaafu, muda atakuwa nao. Bi Shirahata alimpigia simu Chinatsu, ambaye sasa anafanya kazi Sendai, akamsimulia. Spika ya simu ilikuwa wazi.

"Mama, jamani! Hiyo sauti mnayoihangaikia si yangu?" binti alisema. "Mimi nipo. Mkiitaka, si mnipigie tu?" Akacheka, na hakunong'ona.

Ijumaa iliyopita Bi Shirahata aliitoa ile flashi kwenye boksi la Mzee lililokwisha kufungwa. Ukumbi wa wazee ulikuwa unasubiri mfumo wao. Alimpa Mzee flashi mkononi, kama sheria inavyotaka, na safari hii aliyenyoosha kidole ni yeye.

"Flashi nyeupe, ya kuandikia! Ndani kuna nini, Mzee?"

Mzee aliigeuza upande wa figili. Nilisimama mlangoni kwangu, na sikujali kuonekana.

"Ndani hamna kitu," akasema Mzee Kuramochi. Akaichomeka mwenyewe, akakitazama kioo vizuri, akaitikia. "Sawa."

Mzee Kuramochi, idara zote zinakushukuru kwa kazi yako. Nenda nyumbani mikono mitupu, na siku zako ziwe nyingi na zenye amani.