Francis Khisa Namunyu, Mshika Funguo wa Kanisa la Mfalme

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mjane na watoto walioko Bungoma, familia inamleta mbele yenu Francis Khisa Namunyu, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1974 kijijini Kimaeti, mtoto wa tatu wa Mzee Namunyu na Mama Nasimiyu, akasoma hapohapo hadi kidato cha nne mwaka 1992, kisha akawa bawabu mjini Eldoret, na tarehe 4 Desemba 1999 akafunga ndoa na Lynette, wakajaliwa Ronny na Annah.

Februari 2011 aliwasili Dubai, akaajiriwa kulitunza kanisa hili tulimoketi, ambalo ni la serikali ya nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, mchungaji analipwa na wizara, picha ya mfalme imetundikwa ukumbini, na kila Ijumaa mfalme na mawaziri wake huombewa kwa lugha ambayo Francis hakuielewa, ila aliitikia Amina kuwashinda raia wenyewe. Kidogo kidogo akaanza kusema “serikali yetu”, hata wenzake wa nyumba kule mtaa wa Discovery Gardens wakamtania kwamba amekuwa balozi, naye hakukana.

Linalofuata, marehemu aliagiza lisirukwe. Ijumaa tarehe 20 Juni 2014, Justine, dada wa kwao Bungoma, mfanyakazi wa usafi anayeishi katika kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, alifika mlangoni na wenzake wakiwa na sare za kazi, wakaomba chumba wamwombee mwenzao aliyefariki, ambaye mwili wake ulikuwa unasafirishwa jioni ile, kwa kuwa kambini ibada hairuhusiwi na makanisa mengine yenye kibali yalikuwa yamejaa. Francis alisimama katikati ya mlango, funguo mkononi, akawajibu, “Hili ni kanisa la dola. Ni la raia wao, si letu.” Wakaomba kimoyomoyo kwenye maegesho, juani, hadi basi la kampuni lilipowachukua.

Alimsimulia mchungaji akitarajia sifa, naye mchungaji akasema, “Kwa nini hukuniuliza? Chumba kilikuwa wazi.” Francis alimwambia mkewe kwa simu kwamba aliona aibu, maana si mfalme wala waziri aliyewafukuza dada zake, ni yeye, mtoto wa Kimaeti.

Akaenda Muhaisnah kuomba radhi. Justine alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Nimekusamehe, kaka. Lakini maombi ya mazishi hayarudiwi.”

Tangu hapo aliomba ruhusa kwa mchungaji ya kuwafungulia wafiwa, na wengi, Wakenya, Watanzania na Waganda, wamewaombea wafu wao humu, lakini Justine, kila alipoalikwa, alikataa kwa upole.

Mwaka 2017 Francis aliugua figo, akatibiwa hapa Dubai, akafariki tarehe 3 Novemba 2018.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Discovery Gardens, mchungaji na waumini wote, na dada Justine, ambaye leo ameingia humu kwa mara ya kwanza, akaketi kiti cha mbele.

Francis, mwana wa Namunyu, umefika, pumzika kwa amani.