Apolonia Kalinga, Aliyepiga Picha za Anga Chini ya Taa za Shemeji Yake

Ndugu waombolezaji, kabla udongo haujamfunika Apolonia, familia inaomba mkae naye kidogo. Marehemu mwenyewe alishatoa agizo kuhusu wasifu huu. Alimwambia mdogo wake Rozalia, anayeusoma sasa, kwamba usipambwe. Ikiandikwa kuwa alikuwa mpole asiye na kinyongo na mtu, alisema, waombolezaji watadhani wamekosea msiba. Tumemtii.

Apolonia Kalinga alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Februari 1961, hapa Ifunda, akiwa mtoto wa pili katika nyumba ya wakulima wa mahindi na alizeti. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia, anayeombewa na wenye maumivu ya meno, na padri aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina lingine. Mama yake alikuwa akisema jina lilimpata mwenyewe, maana mtoto huyu akishauma haachii.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Ifunda, mwaka 1969 hadi 1975. Rozalia anakumbuka kisa cha rula. Apolonia akiwa darasa la nne, msichana waliyeketi naye dawati moja aliivunja rula yake makusudi, akacheka. Apolonia hakwenda kwa mwalimu. Walipofika darasa la saba, asubuhi ya mtihani wa hesabu, yule msichana alikuwa amesahau rula yake nyumbani, akamgeukia Apolonia kumwomba. Apolonia akafungua mkoba, akampa nusu ya rula ile iliyovunjika. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo. Wawili hao walikuja kuwa marafiki wakubwa, na kila wakionana Apolonia alimkumbusha.

Mwaka 1978 alihamia Iringa mjini kwa shangazi yake, akapata kazi ya kufagia katika studio ya picha. Baada ya miezi michache aliacha ufagio akaingia chumba cha giza, akajifunza kusafisha filamu na kuchapa picha. Mwaka 1989 alifungua studio yake karibu na soko. Wengi mlioketi hapa mmepita mbele ya kamera yake siku ya komunyo ya kwanza, siku ya harusi, au mlipohitaji picha ya pasipoti. Simu za kupigia picha zilipokuja na studio nyingi zikafungwa, ya kwake ilibaki. Aliamini kwamba uso wa mtu unahitaji mtu mwingine wa kuutazama kwa subira.

Alifunga ndoa na marehemu Adrian, fundi seremala, tarehe 11 Oktoba 1986. Walijaliwa mtoto mmoja, Frida. Walijenga nyumba mtaa wa Mlandege, hapohapo mjini, kwenye kiwanja kilichokuwa bado kwa jina la baba mkwe. Adrian alikuwa mtu wa utani mwingi, na nyumba yao ilikuwa na kelele za msumeno mchana na kicheko jioni. Mwaka 1998 Apolonia alinunua kwa jina lake kipande kidogo cha nyuma, chenye vyumba viwili na ua, ili mumewe apate mahali pa kuanika mbao.

Adrian alifariki Aprili 2011 kwa homa ya mapafu. Arobaini ilipoisha, ukoo wake ulikaa kikao sebuleni, kwenye viti ambavyo Adrian alivitengeneza kwa mikono yake. Iliamuliwa kwamba nyumba ya mbele ni mali ya ukoo na itakuwa chini ya mdogo wake, Sosthenes. Apolonia aliuliza yeye atakaa wapi. Sosthenes alimjibu mbele ya wazee wote, “Shemeji, wewe una uani kwako.”

Akahamia uani. Sosthenes akaigeuza nyumba kuwa gesti na baa, kisha akasimamisha nguzo zenye taa kubwa nyeupe, zikaelekezwa nyuma, dirishani kwa mjane. Alisema ni kwa ajili ya usalama wa wageni. Kila mtu Mlandege alijua kuwa alitaka kipande kile cha nyuma ili aongeze vyumba, na kwamba alingoja mwanamke achoke, auze, aondoke. Apolonia alishona mapazia mazito. Hakuuza.

Mambo ya anga yalianza kwa bahati. Frida alikuwa ameolewa Mbeya, akakaa mtaa wa Soweto, na huko Apolonia alifahamiana na fundi wa kamera aitwaye Makame. Mwaka 2017 Makame alimtengenezea kamera moja ya zamani ya kidijitali, na Apolonia aliporudi nayo Iringa akaijaribu uani. Aliielekeza juu, akaiacha wazi kwa muda, akaona kwenye picha doa jekundu lililofifia juu kabisa ya paa la gesti. Alitazama kwa macho, hakuona kitu zaidi ya mng'ao wa taa za shemeji yake. Akapiga tena. Doa lilikuwa palepale.

Makame ndiye aliyemweleza kwamba lile ni nebula, wingu la gesi lililo mbali mno kati ya nyota, kwenye mkia wa kundi la nyota liitwalo Nge. Wataalamu wameliita Kamba, yule wa baharini, kwa jinsi lilivyojikunja. Alimweleza pia kwamba picha nzuri ya kitu hafifu kama kile haipigwi mjini. Wakwe zake Makame walikuwa na mashamba ya mpunga Ubaruku, akamwalika.

“Dada, twende Ubaruku,” Makame alimwambia. “Kule giza ni la kuchota kwa ndoo.”

“Nikienda Ubaruku, Sosthenes atalala usingizi,” Apolonia akajibu. “Nataka niipige hapahapa, juu ya paa lake, taa zake zikiwaka.”

Ndivyo alivyoanza. Makame alimtafutia kioo maalumu cha kuchuja mwanga, kinachouacha wekundu wa ile gesi upite na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa, pamoja na mashine ndogo inayoizungusha kamera taratibu kufuata mwendo wa nyota. Kila kiangazi, baada ya chakula cha jioni, Apolonia alivaa koti la Adrian, akafunga kanga kichwani, akatoka uani. Alipiga picha nyingi za kitu kilekile, kisha kwenye kompyuta akazibandika moja juu ya nyingine, mpaka kilichofichwa na taa kikaanza kujitokeza. Miaka ya mwanzo alipata ukungu mtupu. Mara mbili Sosthenes aliongeza taa. Kila alipoongeza, Apolonia alizidi kuwa na furaha, na watu wa nyumbani walianza kumwogopa kidogo.

Frida ameomba hili liandikwe pia. Mwaka 2019 mama yake hakufika Mbeya kwenye ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, kwa sababu wiki ile mawingu yalikuwa yameondoka. Alimpenda mjukuu huyo. Lakini shari ile ilikuwa imeshika usukani, na wakati mwingine iliwapita hata aliowapenda bila kusimama.

Jioni moja ya Julai 2021 umeme ulikatika Mlandege nzima. Makame alikuwa amekuja kumtembelea. Nyota zikajaa mpaka kwenye ukingo wa ukuta, na Makame akamhimiza apige haraka kabla umeme haujarudi. Apolonia akachukua kifuniko cha lenzi, akakifunga.

“Nikiipiga sasa,” alisema, “atasema giza ndilo lililonisaidia.”

Wakanywa chai. Gesti ilipowasha jenereta na zile taa zikamulika tena, aliondoa kifuniko akaendelea na kazi.

Picha ilikamilika Agosti 2022. Kamba alionekana mzima, mwekundu, amejikunja, na nyuzi zake nyembamba zikaonekana moja moja. Frida, aliyekuwa amekuja likizo, anasema mama yake hakulia mbele ya watu hata siku ya kumzika baba, ila siku ile aliketi mbele ya kompyuta akalia mpaka chakula kikapoa. Kisha alinawa uso, akaanza kuchapa. Picha kubwa aliitundika dirishani mwa studio. Nyingine aliziweka kwenye fremu, na kila mzee aliyeketi kwenye kikao kile cha mwaka 2011 alipelekewa moja nyumbani kwake, pamoja na mkate wa kumimina. Chini ya kila picha aliandika: “Imepigwa uani kwa Apolonia, Mlandege, taa zote za Sosthenes zikiwaka.” Hakuna mzee aliyejua namna ya kukataa zawadi ile. Wanafunzi walianza kufika gesti kuuliza ni paa lipi, na mteja mmoja alimwuliza Sosthenes kama ni kweli alimpokonya mjane nyumba. Alimwuliza palepale kaunta, watu wakiwa wamejaa.

Machi 2024 Apolonia aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Januari mwaka huu alimwomba Frida ampeleke kwenye kaburi la Adrian. Aliinama akang'oa majani, kisha akasema na mumewe kana kwamba ameketi mbele yake.

“Adrian, utanisamehe. Sitakuja kulala hapa. Sosthenes naye ataletwa hapa siku moja, na sitaki jirani huyo tena.”

Alibaki pale, mkono juu ya msalaba, mpaka Frida alipomwambia jua linazama. Ndiyo sababu leo tuko Ifunda. Ukoo wa Adrian ulikuja juzi kuomba azikwe kando ya mumewe, na familia iliwajibu kwa maneno hayohayo.

Mwezi Juni Sosthenes alimtembelea kitandani. Alikuwa amekonda na yeye, na alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema amesikia hali si nzuri, na kwamba kuanzia siku ile angezima taa ili shemeji yake atazame anga lake kwa raha.

“Usizime,” Apolonia akamwambia. “Ukizima sasa, watu watasema uliniachia.”

Sosthenes aliondoka bila kunywa chai. Baba Paroko alipokuja kumpaka mafuta, alimwuliza taratibu kama amemsamehe shemeji yake.

“Yeye nimemsamehe, Baba,” alijibu. “Nyumba bado.”

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, Frida na Rozalia wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Apolonia ameacha binti mmoja, Frida, na mumewe, wajukuu wawili, mdogo wake Rozalia, rafiki yake Makame, aliyesafiri kutoka Mbeya, na ua mmoja Mlandege, ambao sasa ni wa Frida na hauuzwi. Ameacha pia shemeji mmoja, Sosthenes, ambaye marehemu aliagiza jina lake lisikosekane kwenye orodha hii, na lisomwe kwa sauti.

Bwana ampe Apolonia pumziko la milele. Na amani ampe pia, siku atakapokuwa tayari kuipokea.