Kila Mtu na Sahani Yake

Kwenye basi la kutoka Wajir kwenda Garissa, mbele yangu, Iftin, msichana wa Eastleigh asiyekijua vizuri Kisomali, alikuwa akitazama kwenye simu kichekesho cha familia ya Mzee Shurie, kilichoigizwa upya. Cha zamani kila nyumba ilikijua.

“Hii si ile,” alisema Amino, mama wa makamo aliyeketi naye. “Ile walikula sinia moja. Bibi anamsukumia mjukuu nyama, mke wa mwanawe ananuna, sisi tunacheka mpaka machozi. Sasa kila mtu na sahani yake. Vita itatoka wapi?”

“Lakini eeddo,” Iftin alimwita shangazi, “siku hizi watu wanakula hivyo. Na picha ni safi.”

“Picha safi, hakuna mtu wa kununa.”

Mimi sikuwa na upande.

Basi liliposimama Modogashe tule, sisi wanawake watatu tuliwekewa sinia moja la wali. Iftin aliendelea kutetea sahani, mdomo umejaa. Amino akapekua wali. Alimsukumia kipande cha nyama kilichonona, kile nilichokuwa nakinyemelea mimi.

Nikanuna. Iftin akanitazama, akacheka mpaka machozi.