Dominika Shirima, Aliyewaketisha Kibo na Mawenzi Meza Moja

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Dominika Wenseslaus Shirima, Mkuu wa Idara ya Majadiliano katika Kituo cha Mashauriano ya Kanda hapa Moshi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wengi wetu tulipoajiriwa tulimkuta, na wapo kati yetu aliowafundisha namna ya kumkatiza waziri bila waziri mwenyewe kujua kwamba amekatizwa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja, meza zikitazamana, tangu mwaka 2009. Nilikubali haraka kabla kamati ya sherehe haijabadili mawazo.

Mama Shirima, kama tunavyomwita, ni mzaliwa wa Tarakea, Rombo. Baba yake, marehemu Mzee Wenseslaus, alikuwa akinunua maharage upande mmoja wa mpaka na kuyauza upande wa pili, na siku za soko binti yake alifuatana naye. Anasema pale ndipo alipoona watu wanaohitajiana wakigombana asubuhi nzima, na mchana wakauziana vizuri tu. Alisoma Kifaransa chuo kikuu, akaajiriwa Kituoni mwaka 1992 kama mkalimani. Alipanga chumba mtaa wa Majengo, akawa anakuja kazini kwa miguu amevaa kandambili, viatu vya kisigino vikiwa ndani ya mkoba. Viatu hivyo vilivaliwa getini, na walinzi wa zama hizo wanakumbuka kwamba akishavivaa hata sauti yake ilibadilika.

Kazi ya ukalimani aliifanya kwa miaka kumi na miwili, na iliisha kwa kituko. Siku moja alisahau kuzima kipaza sauti, akanong'ona kwa Kirombo kwamba mheshimiwa anayehutubia anazunguka kama muuza ng'ombe mgonjwa. Maneno hayo yaliingia masikioni mwa wajumbe wote. Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mlinzi wa mlangoni, naye ni Mrombo. Alicheka mpaka akatolewa nje. Mkurugenzi wa wakati huo alipotafsiriwa maneno hayo alisema kwamba mtu mwenye macho ya namna hiyo anapotezewa muda kwenye kibanda cha wakalimani, akamhamishia Majadiliano.

Huko ndiko alikofanya kazi ambayo leo inatukusanya ukumbini.

Mwaka 2021 Kituo kilipokea wajumbe wa nchi mbili rafiki. Taratibu zetu haziniruhusu kuzitaja, hivyo nitaziita kwa majina ya vyumba walivyopewa, Kibo na Mawenzi. (Ujumbe wa Mawenzi ulilalamika siku ya kwanza kwamba umepewa jina la kilele kifupi cha Mlima Kilimanjaro. Mama Shirima aliwaahidi kubadilishana vyumba kikao kijacho, na kweli walibadilishana.) Nchi hizi zina mkataba wa kusaidiana wa miaka mingi. Zote mbili zilikuwa zinasumbuliwa na nchi ya tatu, tunayoiita Jirani. Jirani alikuwa amezuia malori yao, akawaweka madereva ndani kwa madai kwamba wanawapelekea waasi silaha. Madai hayo hayakuwa na ushahidi wowote. Kati ya madereva hao alikuwamo kijana wa kwetu Tarakea, Tito, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Kibo.

Kibo walitaka mpaka na Jirani ufungwe mara moja. Mawenzi, ambao mafuta yao yote yanapita kwa Jirani, walitaka mazungumzo ya kimya kimya. Siku mbili za mwanzo zilikwenda kwa heshima. Siku ya tatu Balozi Hosea, kiongozi wa Kibo, alipata habari kwamba Mawenzi walikuwa wanazungumza na Jirani kwa siri juu ya madereva wao peke yao. Alisimama, akasema hana cha kujadili na rafiki wa aina hiyo, akaagiza mizigo ipakiwe kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Balozi Margareta wa Mawenzi hakukanusha wala hakukubali. Alikusanya karatasi zake akatoka.

Sisi wengine tulianza kuandika taarifa ya kuvunjika kwa mazungumzo. Mama Shirima alikuwa amekaa anatazama ukuta. Kisha akaniuliza kama nami nilisikia kwamba kila upande, katika hotuba zake, ulitaja wiki ya kwanza ya Oktoba. Nilisikia, ila sikuona ajabu. Yeye aliona. Tarehe ile haikuwa kwenye barua yoyote wala gazeti lolote. Ingeweza kutoka kwa Jirani tu, na kama pande zote mbili zinayo, basi pande zote mbili zimeongea naye.

Alikwenda kwa Mkurugenzi Eliezeri kuomba ruhusa ya kuwauliza. Mkurugenzi alikataa, na alikuwa na hoja. Mwenyeji hawahoji wageni wake, na Kituo kikishaonekana kinapeleleza, hakuna nchi itakayokanyaga tena Moshi. Mama Shirima akabadili ombi. Aliomba apewe mabalozi wawili, bila wasaidizi, kwa kikombe kimoja cha chai bustanini. Mkurugenzi alikubali hilo, akamwambia wazi kwamba mambo yakiharibika, jina litakaloandikwa kwenye barua ya kuondolewa kazini ni la Mama Shirima. Wakati huo Mama alikuwa na watoto wawili chuoni.

Mimi nilimimina chai, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu.

"Waheshimiwa," alisema, "naamini Jirani amemwahidi kila mmoja wenu madereva wake wiki ya kwanza ya Oktoba, kwa sharti kwamba amwache mwenzake. Kama nimekosea, niambieni, nitaomba radhi na gari la uwanja wa ndege litawashwa."

Balozi Hosea alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Aliyetangulia kusema alikuwa Balozi Margareta.

"Kwa upande wangu hujakosea."

Balozi Hosea aliweka kijiko chini. "Na kwangu pia," alisema. Kisha, bila kumtazama mwenzake, akaongeza kwamba alikuwa anaona aibu tangu asubuhi.

Walizungumza bustanini hadi chai ya pili ikapoa, na mizigo ikashushwa. Kesho yake walisaini tamko fupi kuliko yote tuliyowahi kuandaa: hakuna upande utakaopokea dereva hata mmoja mpaka wote watoke, na Jirani ataongeleshwa na ujumbe mmoja. Waliomba Mama Shirima aandamane na ujumbe huo. Aliondoka na sanduku dogo na chupa ya chai, akisema chai ya huko haiamini.

Ningependa kusema Jirani aliona umoja huo akaachia watu. Haikuwa hivyo. Oktoba alijitolea kuwaachia nusu, akachanganya wa Kibo na wa Mawenzi ili ionekane haki. Ujumbe ukakataa. Habari zikavuja redioni, na majina ya waliokuwa waachiwe yakatajwa. Jina la Tito lilikuwamo.

Siku ya pili yake mkewe, Victoria, alikuja Kituoni kutoka Tarakea, mtoto mgongoni. Mama Shirima alikuwa amerudi baada ya mazungumzo kukwama. Angeweza kumtuma msaidizi, lakini alishuka mwenyewe, akampeleka ofisini kwetu, akampa kiti. Victoria alimwamkia shikamoo kwanza, kama alivyolelewa, ndipo akauliza kama ni kweli mumewe alikuwa anatoka na wao wakakataa.

"Ni kweli," Mama Shirima alisema. "Wangetoka hao, mwanangu, waliobaki wasingetoka kabisa. Hiyo ndiyo sababu, na mimi ni mmoja wa walioshauri hivyo. Mambo yakienda vibaya usimtafute mtu mwingine, nitafute mimi."

Victoria alimkaza mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Mama Shirima alibaki amesimama dirishani muda mrefu. Tuliokaa naye wiki zile tunajua alikuwa hali chakula vizuri. Mtori wa ndizi na nyama aliokuwa akiletewa mchana aliugawa kwa wengine. Kila Jumapili alikwenda misa ya kwanza na akarudi moja kwa moja kupiga simu.

Kibo na Mawenzi hawakulegea. Walipitisha malori yao njia ndefu, kwa hasara ya wote wawili, na soko la Jirani likaanza kukauka. Wafanyabiashara wake mwenyewe wakaanza kuisumbua serikali yao. Katikati ya Novemba Jirani alitangaza kwamba uchunguzi umekamilika na madereva hawana kesi. Walitoka wote, katika ndege moja, na Mama Shirima ndiye aliyesisitiza kwamba mtu akae popote bila kuulizwa uraia wake.

Ndege ilitua KIA asubuhi yenye jua. Nilikuwapo. Tito alishuka amekonda, amevaa shati lisilo lake. Victoria alimfikia kabla maofisa hawajamaliza kupanga mstari wa kupokea. Baadaye, wageni walipokuwa wanapewa maji, alimfuata Mama Shirima. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu wameshikana mikono, na mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake, anatafuta leso kwenye mkoba na haioni.

Tangu hapo Kibo na Mawenzi wamekuja Moshi mara nyingi, na mwezi Machi mwaka huu Jirani naye ameleta wajumbe wake kwa mara ya kwanza, kwa hiari yake. Mwenyekiti waliyemtaka, pande zote tatu, alikuwa mmoja, Mama Shirima. Wamekubaliana kwamba dereva wa lori hatawekwa ndani kwa sababu ya ugomvi wa serikali. Ni makubaliano yaliyosainiwa, na tangu yasainiwe hakuna aliyeyavunja.

Leo ukumbini wapo Balozi Hosea na Balozi Margareta, waliosafiri wenyewe bila kutumwa na serikali zao. Wapo Victoria na Tito pamoja na watoto wao, ambao sasa ni watatu. Yupo Mkurugenzi wetu mstaafu Eliezeri, aliyeniomba niandike kwamba ile barua ya kumwondoa Mama kazini hakuwahi hata kuianza.

Mama Shirima anarudi Tarakea, kwenye shamba la ukoo, kihamba cha wazazi wake, kwa migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Tumesikia kwamba tayari majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba wameulizia anafika lini.

Mama, ahsante kwa kazi, na kwa ukali uliotufaa. Pumzika bila simu pembeni, ule mtori ukiwa moto, na uzee wako ukawe mrefu na wa furaha kati ya watu wako. Sisi huku tutaendelea.

Sifael Mmari
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kituo