Major Ntirenganya na Somo la Jina Kwanza

Tarehe 30 Juni 2021, Major Ntirenganya Florent anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili jeshini. Kumi na saba ya mwisho amefundisha maafisa vijana hapa Goma.

Mwaka 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipochukua nyumba yake ya mtaa wa Murara, alikimbia akiwa na cherehani ya mke wake, Mama Mukamugema, mabegani. Sare yake iliungua. Mama anasema huo ndio uamuzi bora wa kijeshi aliowahi kufanya.

Uasi ulipotulia kidogo, watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao walikalishwa darasa moja, naye akaitwa awafundishe. Siku ya kwanza aliita majina yao halisi, hakuna aliyeitika. Walizoea kuitwa kwa majina ya vita: Chui, Radi, Moto. Afisa mmoja alikuwa akimsikitikia huyo Nizeyimana asiyefika, mpaka jirani akampiga kiwiko: “Mukubwa, si ni wewe!”

Hapo Papa Ntirenganya, kama tunavyomwita kwa heshima, aliweka sheria yake: afisa akimsimamisha raia, apige saluti, aseme jina lake la kweli, ndipo aongee. Alieleza kwamba mutu aliyejitaja huona haya kunyang'anya. Wanafunzi walimtania, wakimwita “Papa Jina”.

Mwaka huu kozi yake hiyo ya jina kwanza ilikaribia kufutwa. Wakaguzi wa jeshi walisema salamu hazishindi vita, saa zake zipewe somo la silaha. Papa aliacha hata kufanya mizaha. Aliogopa kuondoka na kazi yake yote ifutwe nyuma yake.

Kisha Nyiragongo ikalipuka, na baada ya siku chache mji ukaamriwa kuhama. Wanafunzi wake walipangwa kwenye barabara ya Sake. Mama Séraphine, muuza maharagwe wa Murara aliyekuwa akitembea na mtoto, alipoona kizuizi alificha simu ndani ya kitenge. Afisa kijana akapiga saluti.

“Habari ya asubui, mama. Mimi ni Lieutenant Cirimwami Damien. Mutoto amechoka, mumupandishe kwa jeep.”

“Jina ni la nini? Unataka kunioa?”

Barabara nzima ilicheka, hata waliobeba magodoro.

Watu waliporudi, wakaguzi waliwaita waeleze jinsi jeshi lilivyofanya. Mama Séraphine na wenzake hawakusema “askari fulani”. Walisema Lieutenant Cirimwami alimpandisha mtoto, Lieutenant Nshobole alimbeba bibi kizee. Mkaguzi mkuu aliuliza wamejuaje majina yote hayo.

“Si walituambia wenyewe, papa!”

Wiki iliyopita jibu lilitoka: kozi inabaki, na kila afisa mpya ataifuata. Papa aliposikia alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akalala usingizi mzito hata tukataka kumwita muganga. Alikuwa mzima. Alikuwa amepumua tu, nasi pia.

Asante, Major. Nenda Masisi kwenye ng'ombe ukanywe maziwa, uamke saa unayotaka wewe. Jumatatu Lieutenant Cirimwami anaanza kufundisha mahali pako.

Umuhire Mimi, mwanafunzi wa sekondari, kwa niaba ya walimu na familia za kituo cha mafunzo