Nyumba ya Homs Ndani ya Miwani

Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni ya Amman, na Rudayna, aliyekaa nyuma ya abiria wawili, hakuwa na budi kusikia mazungumzo yao. Mama mmoja, mkimbizi wa vita kutoka mji wa Homs, alikuwa akimweleza kijana asiyemjua habari za mumewe.

"Mpwa wetu kamtengenezea ile nyumba yetu iliyobomolewa, ndani ya ile miwani mikubwa ya kompyuta inayoziba macho. Siku ya kwanza kafika mlangoni, kavua viatu. Na kumbe yuko sebuleni kwangu hapa Amman."

"Mwache apumue, mama. Akili yake inajua ile ni picha tu."

"Akili labda. Mwili haujui. Anainama kupita chini ya mlimau ulioungua zamani. Nikimgusa bega anashtuka, utadhani mzimu ni mimi."

Kijana alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Basi mpwa wenu akuweke na wewe humo."

"Keshaniweka, kwa picha zangu za ujana. Nimekaa uani namimina kahawa, sisemi neno. Awali alikuwa akiniita nimpelekee chai. Tangu nimewekwa humo, hajaniita tena."

"Lakini mama, si ni wewe huyo huyo anayempenda?"

Rudayna alitamani kumziba kijana mdomo. Mama akaanza kukusanya mifuko yake.

Foleni ikasogea, basi likasimama kituo cha Sweileh. Mama akamwomba kijana ampishe. Aliomba mara mbili, kwa sauti ndogo, kama mtu asiye na hakika kwamba anasikika.