Marekebisho Madogo

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu, mkabala na kliniki ya macho. Birika la kahawa ni moja, tunachangia. Mimi wananiita Mtambo kwa sababu ya kazi yangu: natunza maktaba ya Python, lugha ya kuandikia programu; yaani msimbo ambao waandishi wengine wa programu huuchukua bure. Inaunganisha programu zinazosubiri jambo moja liishe ndipo zianze jingine, na zile zisizopenda kusubiri. Wiki iliyopita nilitoa toleo jipya. Leo kompyuta ya kliniki imeacha kuita wagonjwa, na sababu naijua. Nakunywa kahawa nikiangalia chini.

— Mama katiwa matone ya macho mara tatu, alisema Soli. Jina haliitwi, dawa inaisha nguvu, anatiwa tena. Nimemrudisha nyumbani nikimshika mkono, hata ngazi haoni!

— Panya hao, alisema Jaji, dereva mstaafu anayehukumu kila kitu. Wamekula waya.

— Panya wapi! Mashine inadeka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ipigwe teke!

— Basi kuna mtu. Kalipwa na wauza miwani. Kakaa mahali, kabonyeza, kwisha! Watu wasitibiwe, miwani iuzike.

— Nikimpata huyo… Soli akainua nyundo. Mtambo, wewe msomi. Yupo mtu wa hivyo?

— Huenda hakukusudia, nilisema.

— Hakukusudia! alisema Soli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama kamsikia mkuu, kaambiwa kaa, kakaa, na guu nusura livunjike!

Wakacheka. Mimi kahawa ilinipalia, aibu ikanipanda hadi masikioni. Katika toleo lile nilizifanya kazi zote za kusubiri zipite mlango mmoja, zamu kwa zamu. Moja ikikwama, zote zimekwama. Nilipaswa kuwaonya watu kwenye maelezo ya toleo. Nikaandika maneno mawili tu, maana birika lilikuwa limeshatoka jikoni na nilitaka kuwahi kikombe cha kwanza.

Ndipo akavuka barabara dada anayesimamia kompyuta za kliniki. Hajawahi kukaa nasi. Macho mekundu, karatasi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Jaji. Kulikoni?

— Nafukuzwa kazi. Toleo jipya nimeliweka mimi. Lakini nilisoma kwanza, hapa: “Marekebisho madogo.” Nauliza tu, wazee wangu. Madogo kwa nani?

Jaji akakohoa. Soli, aliyekuwa ananimiminia kikombe cha pili, akasita.

— Niliandika mimi, nilisema.

Dada hakunitukana.

— Basi twende ukamwambie bosi, kaka.

Nikainuka. Soli aliirudisha kahawa ya kile kikombe birikani, taratibu, bila kuniangalia.

— Ukitoka huko, pitia kwa mama. Naye atakuuliza.